Ghalibu Soud na Basuni Iliyobeba Kitanda

Baada ya kufundisha muziki chuoni kwetu kwa miaka ishirini na mitano, Mwalimu Ghalibu Soud anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1978.

Alizaliwa hapa hapa Tabora, katika ukoo wa wauza vitambaa, na baba yake alikwisha kumtengea nafasi dukani. Kijana akachagua basuni, lile zumari refu la mbao lenye sauti ya babu mwenye mafua. Marehemu Mzee Soud aliwaambia majirani kwamba mwanawe ameajiriwa kupuliza bomba.

Darasani alituwekea santuri za okestra. Tulipokaribia kutokwa machozi, alisimamisha mashine na kuuliza, "Nani amesikia mtu akicheka?" Kweli alikuwapo: filimbi ndogo ikimdhihaki jemadari, au fidla ikirukaruka mazikoni. Mtunzi anayeishi chini ya mkubwa asiyependa utani, alitueleza, huuficha utani wake ndani ya vyombo.

Hatukujua kwamba naye angefanya hivyo hivyo.

Novemba 1974 chuo kiliagizwa kutumbuiza katika uzinduzi wa kijiji kipya karibu na Tura. Watu walikuwa wamehamishwa upesi, na lori likashusha mizigo yao kando ya reli. Miongoni mwao alikuwamo Bi Bertila, mama wa Bundala, mpiga ngoma wetu. Mvua zilikuwa zimeanza, naye alilala chini kwenye kibanda cha nyasi. Bundala alifanya mazoezi wiki nzima bila kusema na mtu.

Mwalimu Ghalibu akatunga maandamano ya furaha, kama alivyoagizwa. Siku ilipofika, tarumbeta zilijisifu mpaka mishipa ikawatoka wapigaji shingoni. Kisha zikanyamaza, na kutoka chini ikaja basuni peke yake, ikipepesuka, ikipumzika, ikishusha pumzi, ikiendelea. Mtoto mmoja akacheka. Akafuata mama yake. Muda si mrefu kijiji kizima kilikuwa kinacheka, na wengine walikuwa wanajifuta macho kwa khanga.

Ofisa aliyesimamia uhamisho akainuka. Sisi wapiga fidla tulitazama viatu vyetu.

"Mwalimu, hiyo sauti ya chini ni ya nani?"

"Ni mtu anahamia kijijini, Ndugu," alijibu Mwalimu Ghalibu. "Amefurahi sana. Ila amebeba kitanda."

"Ni changu!" akapaza sauti Bi Bertila kutoka nyuma. "Kiko relini, kinanyeshewa!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Yule ofisa akaomba aonyeshwe. Alitembea na suti yake kwenye matope hadi relini, akaviona vitanda, milango na mitungi iliyovunjika. Kesho yake lori likarudi kuvibeba, na mabati ya kuezekea zahanati ya kijiji yakafuata baada ya mwezi.

Hata hivyo, mtu fulani wa juu aliudhika. Mwalimu Ghalibu aliondolewa kwenye okestra, akawekwa stoo ya jikoni mwaka mzima kugawa maharage. Iliuma. Mkewe, Bi Zeyana, anasema miezi ile hakuigusa basuni hata nyumbani. Bundala ndiye aliyekuwa akimfuata stoo kila Ijumaa na ngoma yake, akapiga taratibu bila kuomba lolote, mpaka siku moja Mwalimu akalifungua sanduku la basuni yake na kupiga naye. Mwaka 1976 tulirudishiwa kiongozi wetu, na wapishi walilalamika kwamba jikoni kumepooza.

Tangu hapo ameandaa vijana waliokwenda kuongoza bendi za shule sehemu nyingi za nchi. Wote wana tabia ya kusimamisha muziki mahali pasipotarajiwa.

Sasa anahamia Itetemia kulima karanga. Kitanda chake amekwisha kukipeleka huko, kwa hiari yake mwenyewe, na tulimsaidia kukibeba.

Mwalimu, ahsante kwa kutufundisha kucheka bila kumsahau anayeumia. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha na jioni ndefu pamoja na Bi Zeyana. Majirani zako wa Itetemia, ambao bado hawajaisikia basuni, tunawaombea subira.