Uso wa Salu Jukwaani

Funga mlango huo, Danford, halafu ukae hapo kwenye kigoda, mahali ninapoiona mikono yako. Lukresia, kaa upande wa miguu. Joyness, mkwe wangu, acha vyombo hivyo, uji utanisubiri. Pumzi niliyobaki nayo ni kidogo na sitaki kuimalizia katika kurudia maneno, kwa hiyo nisikilizeni mimi mama yenu Generoza, na asiniitikie mtu "ndiyo mayu, ndiyo mayu" kabla sijamaliza, maana ndiyo zenu za siku hizi zimekuwa tamu mno, na utamu wa ghafla mimi siuamini.

Nianze na yaliyo wazi. Nyumba hii ya Bariadi, pamoja na chumba cha mbele ambacho baba yenu Ngassa alikifanya studio, ni yenu wote wawili, na mmoja asiuze bila mwenzake kuweka saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nasema hivyo kwa sababu nimeona mtu akiupima uwanja wa nyuma kwa miguu akidhani nimelala. Ng'ombe wetu wako Bukundi kwa Maganga, ndugu wa baba yenu, na mwaka hadi mwaka huyo Maganga huniambia kwamba ndama wamekufa, lakini sijawahi kuletewa hata ngozi moja. Msigombane naye. Nendeni mkalale kwake, muwe mmesimama pale asubuhi ndama wanapofunguliwa, mwone wenyewe ni wangapi wanaowakimbilia ng'ombe wetu kunyonya. Maganga anaweza kusema uongo, ndama mwenye njaa hawezi.

Sasa nije kwenye sanduku la bati lililo chini ya kitanda hiki, ambalo ndilo limewakusanya hapa, msijitie hamnazo.

Baba yenu alikuwa fundi wa picha za studio. Mtu alikuja na suti ya kuazima, akasimama mbele ya pazia lenye maua, akaambiwa asicheke, akapigwa. Mimi nilizisafisha picha hizo miaka mingi katika chumba cha giza, na nikachoka nazo, kwa sababu mtu akijua anapigwa anakupa uso wa kuazima kama ile suti. Ndipo nikaichukua kamera yake ya pili nikaenda viwanja vya ngoma, makundi yetu mawili yanayoshindana, Wagika huku na Wagalu kule, wakati watu wamekwisha kuuza pamba na mioyo yao imelegea. Nilikaa chini ya jukwaa pamoja na akina mama wenye watoto mgongoni, bila flashi, kamera nimeifunika kwa khanga. Hakuna aliyemshuku mwanamke aliyechuchumaa. Niliwapata wapiga ngoma wakiuma midomo, waimbaji wakipumua kati ya beti mbili, mzee mmoja wa zeze akilia kwa wimbo wake mwenyewe.

Lakini nilikuwa na taratibu yangu, na hiyo ndiyo nawaachia kabla ya kitu kingine chochote. Picha ya wizi ikishasafishwa, mtu wa kwanza kuiona ni mwenyewe aliyepigwa. Nilimfuata hadi kwake, iwe Maswa au Meatu, nikamkabidhi mkononi. Akisema itoke, ilitoka. Akisema isitoke, ilirudi sandukuni, na hata baba yenu hakuiona.

Sasa, Salu. Danford, mbona umeinua kichwa? Nimelitaja jina tu.

Salu alikuwa mwimbaji wa Wagika, na katika mkoa huu mzima wazee bado wanaimba maneno yake wakipalilia. Mnajua mashindano yetu yalivyo: majukwaa mawili yanatazamana, ngoma zinaanza pamoja, na hakuna jaji wa kuandika alama, anayewavuta watu ndiye mshindi. Mwaka ule Wagalu walileta fisi. Fisi mzima, amefungwa kamba, anacheza akizungushwa na kijana wao. Watu wa Salu wakageuza shingo, kisha wakageuza miguu, na uwanja wa mbele yake ukabaki vumbi na sisi wanawake wachache tulioshindwa kuinuka haraka. Salu hakuacha kuimba. Ila aliangalia ile dawa ya mvuto aliyofungwa mkononi, akaangalia migongo ya watu, na uso wake ukawa wa mtoto aliyeachwa gulioni na mama yake. Nikabonyeza.

Wanangu, naipenda picha ile kuliko zote nilizowahi kupiga, nalisema bila haya.

Nilimpelekea kijijini kwake Sola. Alikuwa amekaa na mke wake Veronica wakichambua pamba. Aliitazama, akamwonyesha mkewe, akaigeuza uso chini juu ya gunia. "Mayu," akaniambia, "wakimwona huyu, hakuna atakayenifuata tena uwanjani. Watasema dawa yangu imekufa." Nikamuuliza kama niichome, na negativu yake. Akashtuka kuliko alivyoshtuka kwa fisi. "Huyo si ni mimi? Utanichomaje ningali hai? Nitunze." Basi nikamtunza. Haichomwi, haionyeshwi. Msimu uliofuata aliwavuta watu hadi wakapanda juu ya matrekta, na hakushindwa tena hadi uzee ulipomshusha jukwaani. Mwaka jana tulimzika.

Halafu akaja huyu mgeni wa Dar, Joakim, anayetengeneza kitabu cha picha za waimbaji wetu. Ana adabu, sikatai. Nilimpa nyingi, zile ambazo wenyewe waliridhia. Lakini siku ya kuaga, mkono wake ukiwa bado umeshika wangu, akaniuliza, "Na ile ya Salu, bibi, ile aliyoogopa?" Niliutoa mkono wangu. Habari ya picha ile, ukimtoa Veronica asiyeitaja kwa mtu, niliisimulia ndani ya nyumba hii tu, nilipoanza kuugua, kwa ninyi watatu. Na nimeona siku hizo hizo Danford anaongea na simu akiwa uani, akiniona dirishani anaanza kusifia hali ya hewa.

Kwa hiyo niliwatega. Ndiyo, niliwatega, mimi niliyewazaa. Nilimwambia Danford peke yake kwamba negativu ya Salu nimeishonea ndani ya godoro langu la zamani, lile la chumba cha mbele. Nilimwambia Lukresia peke yake kwamba iko kwenye droo ya cherehani. Nilimwambia Joyness peke yake kwamba iko nyuma ya picha kubwa ya marehemu Ngassa pale sebuleni. Kisha nikalala nikakoroma.

Danford, godoro lile nililishona kwa uzi mweupe, sasa lina uzi wa bluu. Ungeuliza rangi. Lukresia, ile droo ina kibao cha chini ambacho kikitolewa hakirudi bila kulainishwa kwa sabuni, na cherehani yangu inanuka sabuni. Msiape, msilie, sijawalaani. Najua ada za shule, najua mvua iliyokataa. Lakini mlitaka kuuza hofu ya mtu aliyenikabidhi mwenyewe, na mimi nikiwa bado napumua chumba cha pili.

Nyuma ya picha ya Ngassa kuna utando wa buibui, mzima, haujaguswa. Joyness, mimi sikukupenda. Nilisema mbele za watu kwamba mwanangu ameoa mwanamke mvivu wa kufuta vumbi, na hadi leo sijui kama ni uaminifu au ni huo uvivu ulioulinda ule utando. Vyovyote iwavyo, njoo. Kwenye pindo la khanga yangu kuna fundo. Lifungue, vidole vyangu havinisikii. Ndiyo, negativu yenyewe hiyo hapo. Usiiweke kwenye mwanga, usimtazame. Ipeleke Sola, mpe Veronica mkononi, yeye mwenyewe, si wanawe, maana wanawe wameshapewa kofia na huyo Joakim. Mwambie Generoza amemtunza hadi mwisho, sasa mume ni wako, wewe ndiye wa kusema atoke au abaki. Kama akisema atoke, na atoke kwenye kitabu, nami nitafurahi huko niliko. Kama akikataa, asisumbuliwe. Danford, utampakia mkeo kwenye pikipiki umpeleke, na ukifika utasubiri nje.

Maji. Kidogo tu. Inatosha.

Nizikeni kando ya baba yenu... Padri aitwe mapema, asije akaniombea haraka haraka kwa sababu ana misa nyingine. Kamera ziende kwa Joyness... azijue asizijue. Na ninyi wawili mpendane. Mkishindwa kupendana, salimianeni.

Lukresia. Simu yako mbona imesimama? Umeiegemeza kwenye chupa ya chai, jicho lake linanitazama mimi. Unalia na huku unanichukua. Picha hiyo unampigia nani, Joakim? Unasema ni ya kwako... upate kuniona. Sijui, mwanangu. Maisha yangu yote nimewachunguza watu, na wewe sijui. Basi nakuamini. Sina muda wa kukutega tena.

Lakini hapo umekosea... dirisha liko nyuma yangu, utapata giza tupu. Ishike mkononi. Zunguka huku, upande wa ukuta. Mungu aliyenipa ninyi awalinde, awape mvua, awape ndama... awape watoto wanaorudi nyumbani. Wabeja, asante sana, Joyness. Wabeja, Danford. Sogea, Lukresia, usiogope, karibu zaidi...

Piga sasa. Mimi nitajifanya sikuoni.