Jeraha Lililomshinda Daktari Célestin Lubunga, 1959–2025

Daktari Célestin Lubunga Amuri, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Wamaza, katika teritwari ya Kabambare, siku ya Jumapili tarehe 2 Agosti 1959. Baba yake, Mzee Philippe Amuri, alikuwa katekista, na saa ile alikuwa mbele ya waumini akiongoza sala. Aliponong'onezwa kwamba mtoto amekuja, alitikisa kichwa, akaendelea mpaka wimbo wa mwisho, na ndipo akatoka mbio na kanzu yake ya ibada mwilini. Mama yake, Véronique Kalunga, alimtania mumewe kwa jambo hilo mpaka alipofariki. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo alibebwa mgongoni na dada yake mkubwa, Dieudonnée, ambaye nyumbani wote walimwita Yaya, kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu.

Baadhi ya yatakayosomwa hapa si desturi kusomwa makaburini. Yanasomwa kwa sababu marehemu aliyaomba kabla hajanyamaza, na Yaya Dieudonnée, ambaye yanamhusu, amekubali. Tulimuuliza zaidi ya mara moja. Alisema watu wasomewe.

Mwaka 1972 Yaya alikuwa mke mchanga katika kijiji kimoja upande wa Salamabila. Uchungu wa mimba yake ya kwanza ulimshika siku nyingi, na machela ilipomfikisha kwenye zahanati mtoto alikuwa ameshakufa tumboni. Yeye alipona, lakini kichwa cha mtoto kilikuwa kimebana nyama kwenye mfupa muda mrefu hata ikaoza, likabaki tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Tangu hapo mkojo haukumsikiliza tena. Mume alimrudisha kwao. Mama Véronique alimjengea kijumba nyuma ya jiko, na Yaya akaanza maisha ya kufua vitambaa alfajiri, kukaa mwisho kanisani, na kutoketi juu ya mkeka wa mtu. Célestin alikuwa na miaka kumi na mitatu. Hakuna aliyemweleza chochote, naye hakuuliza, kwa maana mambo ya mwili wa dada hayasemwi mbele ya kaka. Lakini aliona, na kilichoonwa kilimchagulia kazi.

Alisoma shule ya msingi Wamaza na sekondari hapa Kasongo, akitembea kwa miguu wakati wa likizo. Mwaka 1978 alikwenda Kinshasa kusomea udaktari, akamaliza mwaka 1985. Alipokuwa bado mwanafunzi alisikia kwamba mpasuaji mmoja mgeni anapita katika misheni fulani ya mbali, akaandika nyumbani Yaya apelekwe. Alipelekwa, mwaka 1981. Daktari yule alilivuta tundu kwa nguvu, akalishona kama mtu anavyoshona gunia lililojaa kupita kiasi, akautoa mpira wa mkojo mapema kwa kuwa alikuwa na safari. Nyuzi ziliachia. Yaya alirudi Wamaza amelowa, na safari hii na kovu gumu lililofanya kazi ya kila atakayekuja baadaye kuwa ngumu zaidi. Alisema hatafunuliwa tena mbele ya mwanaume yeyote.

Daktari Célestin alianza kazi Kasongo mwaka 1986. Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa na Mama Julienne, mwalimu, wakajaliwa watoto wanne. Mama Julienne anasimulia kwamba maisha ya jikoni ndiyo yaliyomshangaza. Mume wake alikuwa akinunua matumbo ya mbuzi sokoni, anawapa wanafunzi wayakate na kuyashona, kisha jioni anayaleta nyumbani yapikwe, maana nyama haitupwi. "Wanawake wengine wanachagua mawe mu mchele," alikuwa akiwaambia majirani. "Mie nachagua nyuzi mu nyama."

Mwaka 1993 alipata nafasi ya kwenda Ethiopia kwa miezi sita, kujifunza kwa wapasuaji waliokuwa wamewatibu wanawake wa namna hii kwa miaka mingi. Alirudi mtu mwingine. Tangu hapo kazi yake ilikuwa ni hiyo, na wanawake walimjia kutoka Kabambare yote, kutoka Nyangwe, kutoka misituni, wengine juu ya pikipiki wamefungiwa nailoni kiunoni ili wasimchafue dereva.

Wanafunzi wake waliopo hapa wanakumbuka somo lake la kwanza. Kabla hawajagusa sindano, aliwasimulia sindano ilikotoka. Aliwaambia kwamba katikati ya karne ya kumi na tisa, huko Marekani, daktari mmoja alitafuta namna ya kulifunga tundu hili kwa uzi wa fedha, na kwamba alijifunzia miilini mwa wanawake watumwa, bila dawa ya usingizi, na mmoja wao alikatwa mara kama thelathini. Miaka michache baadaye, alisema, misafara ya watumwa ilikuwa inapita hapa hapa tunapokaa. Wale wa familia za zamani za mji, ambazo babu zao walifanya biashara ile, waliinamisha macho, naye akawatuliza taratibu: "Simulaumu mutu. Nasema tu, hii akili tunaitumia, iko mutu aliteseka nayo mbele, na hakuna aliyemuuliza."

Kisha alizitaja hatua moja baada ya nyingine. Zamani walishona kwa hariri, mpaka walipoona inazaa mawe kibofuni. Ndipo ukaja uzi unaoyeyuka. Zamani walikata kidogo na kuvuta sana, mpaka walipojifunza kuachanisha nyama kwa upana, ili kingo zikutane zenyewe. Zamani walitoa mpira wa mkojo mapema. Sasa unakaa wiki mbili na zaidi. Walijifunza kuchukua kipande cha mafuta ya mwili wa mgonjwa mwenyewe na kukilaza juu ya mshono. Walijifunza sindano ya mgongo, mgonjwa akawa macho na bila maumivu. Na kila sheria moja kati ya hizo, alisema, ilitoka kwa mwanamke aliyeamka akajikuta amelowa tena. Ndiyo sababu katika mkutano wa kila Jumatatu alitaka wataje kwanza waliowashinda, ndipo wataje waliopona. Sheria yake kubwa ilikuwa fupi: kinachovutwa kitaachia. Kisipokutana, acha, rudi siku nyingine.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi hakumtibu dada yake. Aliporudi kutoka Ethiopia alikwenda Wamaza, akakaa nje ya kijumba cha Yaya, akazungumza na ukuta zaidi kuliko na yeye, akamweleza kwamba sasa anajua. Yaya alimsikiliza mpaka mwisho. "Wewe nilikubeba mu mugongo, nikakupangusa makamasi," alisema. "Sasa leo ni wewe utanifunua? Hapana, Célestin. Iko vitu mutu anazikwa navyo." Hakumlazimisha. Hata yeye, aliyesoma Kinshasa na ng'ambo, hakuweza kuuona uchi wa dada yake. Angesimama mbele ya kitanda cha upasuaji mikono yake ingekufa. Na kumpeleka kwa wengine, mwendo wa siku nyingi akiwa amelowa katikati ya watu, Yaya hakutaka kusikia.

Vita vilipokuja, kuanzia mwaka 1996, barabara zilikatika na uzi ukaisha. Alichemsha nyuzi za kuvulia samaki zilizotoka Nyangwe, akashonea nazo matumbo ya waliopigwa risasi. Lakini matundu ya wanawake hakuyashona kwa nyuzi hizo. Aliwarudisha makwao. Mama Julienne anasema miaka ile mumewe hakuwa akilala vizuri, na jina alilolitaja usingizini halikuwa lake wala la watoto.

Mwaka 2013 Dokta Faridah, binti wa wenye maduka wa hapa mjini, alianza kazi hospitalini. Marehemu alimchagua mapema, na wengine walinung'unika kwamba anampendelea. Alimfundisha mwaka hadi mwaka, akimwachia kazi ngumu zaidi, akisimama nyuma yake na mikono mgongoni. Baadaye sana ndipo alipomweleza kwa nini: alikuwa anamtafutia Yaya mikono ya mwanamke.

Bado Yaya alikataa. Kilichombadilisha ni ugonjwa wa mdogo wake. Mwezi wa Septemba mwaka jana Daktari Célestin alijipapasa chini ya mbavu, akalikuta ini limekuwa gumu na lenye vinundu, akajua ni saratani kabla ya kipimo chochote. Katika elimu yake yote hakukuwa na kisu cha ugonjwa ule hapa kwetu. Habari zilipofika Wamaza, Yaya alipanda pikipiki kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaja. Dokta Faridah alipoletwa mbele yake, Yaya aliishika mikono yake, akaigeuza, akauliza kama mikono hii inajua kupika. Faridah akajibu kwamba inapika vibaya. Yaya akacheka, akasema basi ifanye hiyo kazi nyingine.

Kazi ilifanyika mwezi wa Januari mwaka huu. Marehemu hakuingia chumbani. Aliketi kwenye benchi la korido, amekonda, uso wake ukutani, na muuguzi Aicha akawa anakwenda na kurudi kati yake na Dokta Faridah, akibeba maneno. Hivyo ndivyo mpasuaji mkubwa wa kusini mwa Maniema alivyomfuata dada yake mle ndani, kwa masikio tu. Kila swali alilijibu akichora kwa kidole kiganjani mwake mwenyewe.

Kisha likaja swali la mwisho. Kovu la mwaka 1981 lilikuwa kama ngozi ya ngoma. Faridah alikuwa ameachanisha alivyoweza. Kingo zilikaribia kukutana, lakini kwa kuvutwa. Aliuliza aache, arudi siku nyingine, au afunge.

Wote waliomjua walijua jibu lake. Kidole chake kiliacha kuchora kiganjani.

"Mwambie afunge," alisema.

"Munganga," Aicha akasema, "anasema inavuta."

"Nimesikia. Afunge."

Angekuwa dada wa mtu mwingine, angeinuka, angenawa, angeingia kutazama, na macho yake yangemkataza. Lakini alikuwa haoni, na alijua kwamba hiyo siku nyingine yeye hatakuwapo.

Walipojaza kibofu kwa dawa ya bluu kuupima mshono, hata tone halikutoka. Jioni ile marehemu alikula bugali kidogo, akaomba aongezewe. Mpira ulipotolewa mwezi wa Februari, Yaya alikaa siku chache mkavu, akaketi kwenye kiti cha sebule ya Mama Julienne, akapiga picha na wajukuu. Kisha asubuhi moja akaamka amelowa.

Watu wa nyumbani na wa hospitali walikubaliana kumficha marehemu jambo hilo. Alikuwa haamki tena kitandani. Alipouliza, aliambiwa Yaya anaendelea vizuri. Faridah alimwambia hivyo pia, kisha akatoka akalia nyuma ya jengo la dawa. Aliyewalazimisha wote kusema ukweli kila Jumatatu alikuwa anadanganywa kwa huruma, na huenda alijua.

Yaya mwenyewe ndiye aliyekataa kuficha. Aliingia chumbani mwake, akaketi sakafuni kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1972 akamwambia kaka yake jambo ambalo mila ilikuwa imelifunga midomoni mwao wote wawili.

"Célestin, bado niko nalowa."

Alifumba macho. Kisha akasema, "Ni mimi nilisema wafunge."

"Wameniambia."

"Nilikuwa naogopa nitakufa mbele yako upone."

"Haraka ilikuwa yako, mudogo yangu," Yaya akasema. "Mimi nilishazoea kungoja."

Alikaa naye pale mpaka chakula kilipoletwa. Baadaye marehemu alimwita Dokta Faridah, akamwagiza jambo hili litajwe kwenye mkutano wa Jumatatu kama mengine yote, kwa jina lake yeye Célestin na si la Faridah, kwamba sheria aliijua, aliifundisha, na aliivunja. Lilitajwa tarehe 3 Machi.

Daktari Célestin alifariki nyumbani kwake Kasongo, siku ya Jumatano tarehe 12 Machi 2025, mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Julienne. Alikuwa na miaka sitini na mitano.

Wengi wametuuliza msibani kama kuna njia nyingine kwa Yaya. Kulikuwa na tumaini la Bukavu, kwa wataalamu wenye uwezo kuliko wetu, lakini vita vilifika Bukavu mwezi uliopita na hakuna anayesafirisha mgonjwa kwenda huko. Dokta Faridah anasema kovu lipumzike miezi mingi, ndipo atazame tena. Hakuahidi. Marehemu alimfundisha asiahidi.

Ameacha mjane, Mama Julienne, watoto wanne, Fabrice, Célestine, Véronique na Héritier, wajukuu saba, wanafunzi ambao mikono yao inafanya kazi leo katika zahanati nyingi za Maniema, na wanawake wengi waliorudi kwao wakavu, ambao baadhi yao wamekuja hapa bila kutaja wametoka wapi, nasi hatutawauliza. Ameacha pia dada yake mkubwa, Dieudonnée, ambaye bado anangoja.

Mungu amlaze panapo utulivu, na amani ambayo mikono yake haikuweza kuifikisha nyumbani kwao aipate yeye leo.