Waya Ulioishia Ukingoni mwa Paa: Tunamuaga Alfayo Ratemo

Tarehe 31 Desemba mwaka huu wa 1978, Mzee Alfayo Ratemo, fundi wa majengo wa baraza la mji wetu, anastaafu baada ya utumishi wa miaka kumi na tisa. Mshahara wake ulitoka barazani, lakini jasho lake lilimwagika juu ya mapaa ya shule, na kwa hiyo ofisi ya elimu nayo inamwita wake. Mwezi uliopita ofisi hizo mbili nusura zigombane kuhusu nani amwandalie karamu. Mwisho ikakubaliwa baraza litoe ng'ombe, elimu itoe soda na mikate, na mimi, karani wa elimu, niandike wasifu wa kuchapwa katika jarida letu. Niliombwa niandike mambo ya kuchangamsha. Yapo, lakini mzee anaondoka na mtoto mmoja moyoni, mtoto ambaye hajamwingiza darasani, na nikimwacha nje ya maneno haya nitakuwa nimemdanganya kila mtu.

Alfayo ni mzaliwa wa kijiji cha Gesima. Alikuja mjini Januari 1960 kama kibarua wa kuchimba mitaro, na kabla ya uhuru alikuwa ameshashika nyundo na mabati. Kanisani huimba besi, na juu ya paa vilevile, kiasi kwamba walimu walilalamika hesabu haziingii vichwani mwa watoto. Siku ya Sabato hapandi ngazi hata aje nani. Mkaguzi mmoja kutoka mkoani alifika Jumamosi akataka kuonyeshwa paa mara moja. Alfayo alimkaribisha kanisani. Bwana mkubwa alikaa mpaka ibada ya pili, na walioketi naye wanasema aliimba vizuri tu.

Siku hizo shule zilikuwa za baraza, kuanzia mwalimu hadi msumari. Mambo yalibadilika mwaka 1970. Ofisi ya elimu ilichukua walimu, wanafunzi na viwanja; hapa kwetu baraza likabaki na nyumba zenyewe. Kwenye karatasi ilipendeza. Kwenye shule, mpaka wa ofisi mbili ulipita katikati ya ukuta wa darasa, na kila upande ukaulinda kama shamba la urithi.

Sisi wa milima hii hatufundishwi habari za radi. Mvua ya alasiri haikosi, na hakuna ukoo usiokuwa na ng'ombe, mgomba au mtu aliyepigwa. Wazazi wa shule moja ya mlimani waliomba darasa lao kubwa liwekewe kinga ya radi, na ofisi mbili zikakaa, zikanywa chai, zikagawana kazi: baraza liweke chuma juu ya paa na kushusha waya wa shaba mpaka ukingoni; kutoka ukingoni kwenda ardhini ni kiwanja, kwa hiyo ni kazi ya elimu. Jamani! Watu wazima, wenye tai, waligawana radi.

Alfayo aliweka chuma chake, akashusha waya mpaka ukingoni, akaukunja na kuufunga kwenye pao la paa, akamngoja fundi wa elimu. Hakuja. Alikwenda kuuliza, akaambiwa mambo yanashughulikiwa. Alipoomba amalizie mwenyewe, wakubwa wake wa baraza walimwambia asivuke mpaka. Akatii.

Kwa muda wote huo chuma kilionekana kutoka kila kilima, kiking'aa. Kwa hiyo mvua kubwa ya Machi 1972 ilipokusanyika, mwalimu mkuu alifanya lililo sawa kabisa: aliwatoa watoto wa madarasa yote akawaingiza katika lile lenye kinga. Radi ilishuka kwa chuma, ikafika mwisho wa waya, na pale haikuwa na njia ila watoto. Wanne walikufa. Mmoja alikuwa Nyanchera, wa darasa la tatu, binti wa Persis anayeuza ndizi soko la Ikonge.

Persis alikuja mjini kuuliza. Baraza lilimwambia chini si kwao. Elimu ilimwambia juu si kwao. Alikwenda na kurudi kati ya milango miwili akiwa bado amevaa nguo ya msibani, na hakuna aliyempa hata kiti. Aibu hiyo haijatutoka mpaka leo, na mimi niliyeajiriwa miaka miwili baadaye naiona aibu kama yangu. Ni Alfayo aliyemfuata barabarani akavua kofia. "Mama, niulize mimi," alimwambia. "Chuma nilikiweka mimi, na waya niliuacha juu mimi." Persis alimuuliza kwa nini, na yeye akasema aliogopa wakubwa. Hakutafuta sababu nyingine.

Kesho yake alichukua sululu akauzika ule waya peke yake, bila ruhusa ya mtu. Baraza lilimpa onyo kali kwa kufanya kazi nje ya mpaka. Aliendelea kuchimba, shule baada ya shule, mpaka wakubwa wa pande zote wakachoka kuona haya wakampa kazi ya kinga kwa ofisi zote mbili. Sharti lake lilikuwa moja: hakuna jengo litakalopokewa mpaka mkubwa wa baraza na mkubwa wa elimu waushike waya pamoja, kwa mikono yao, ukiingia ardhini. Afisa mmoja alikuja na viatu vyeupe akaomba kusimama pembeni. Alirudi na viatu vyekundu kwa udongo. Tulicheka, na tangu hapo hakuna mtoto wa shule zetu aliyeuawa na radi ndani ya darasa. Kidole kimoja hakivunji chawa, wazee walisema. Sisi tulihitaji makaburi manne ndipo tuelewe.

Persis, ambaye bado tunamwita Mama Nyanchera, ana mtoto mwingine, Machogu. Sasa ana miaka kumi na mmoja, anachunga na kuchuma majani chai, na hajui kusoma jina lake. Kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa, Alfayo hupanda kilima kumwomba mama huyo amwachilie aende shule. Hupewa uji, huulizwa habari za watoto wake, na hunyimwa alichoendea. Mwezi uliopita alikwenda mara ya mwisho na kumwambia kwamba anastaafu.

"Basi ndiyo nimekataa kabisa," Persis alimjibu. "Wewe ulikubali kuulizwa. Ukienda, nikimleta huyu, nitamuuliza nani?"

Alirudi ofisini kwetu, akaketi, akatuambia maneno hayo kama yalivyo. Nami niliyapeleka kwa Abner, karani mwenzangu wa upande wa baraza.

Mzee Alfayo, kwa niaba ya ofisi zote mbili, asante. Upumzike Gesima, chai yako istawi, magoti yako yasahau ngazi, na Mungu akupe miaka mingi ya amani. Nawe Mama Nyanchera, najua jarida hili utasomewa kanisani. Mimi ni Joash Ombui, wa ofisi ya elimu. Jumatatu shule zikifunguliwa nitakuja kwako, pamoja na Abner wa baraza. Mlete Machogu. Utatuuliza sisi.