Shangazi wa Karakana, Aliyekifundisha Kifaa Kuamka

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa umeme wa hospitali yetu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Kwenye barua za ofisi ana cheo kirefu. Sisi wengine, kuanzia daktari mfawidhi hadi wafua mashuka, tunamwita Shangazi. Mimi ni fundi bomba, nimegawana naye karakana muda mrefu, ndiyo maana nikatwishwa kazi ya kumwandikia. Nilijaribu kukataa, nikaambiwa wote waliokubali hawamjui vizuri.

Alipoajiriwa alikuwa mwanamke pekee karakana, na mafundi hawakujua wamwiteje. Wazee walimwita binti, waliobaki walimkwepa. Kisha binti wa kaka yake akaletwa kujifungua, na uchungu ulipomshika akaita "Shangazi" hadi jina likazunguka hospitali nzima. Shangazi aliteremka kwenye ngazi na koleo mkononi, akaingia wodi ya wazazi hivyo hivyo. Mtoto alizaliwa salama. Jina nalo halikutoka tena.

Alianza na taa na feni, akapanda hadi mashine za kufulia, mitungi ya mvuke ya kuchemshia vyombo, na mashine za oksijeni. Neno alilolichukia ni "nadhani". Ukimwambia nadhani imepona, anakurudisha ukahakikishe, hata kama umeshanawa mikono na chakula kinakungoja.

Lakini kazi itakayomtaja zaidi ni ile ya chumba cha majokofu ya chanjo.

Jenereta yetu hulisha chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi tu. Majokofu hungoja umeme urudi, nayo yakifungwa vizuri huhimili. Tatizo ni kwamba umeme ukirudi kwa kishindo, swichi yao hujikata yenyewe. Taa zinawaka kila mahali, watu wanashukuru, kumbe majokofu bado yamelala. Ndivyo ilivyotokea Jumatatu moja. Muuguzi wa kliniki ya watoto alifungua jokofu akakuta joto. Chanjo zote zikatupwa, na akina mama waliotoka mbali wakaambiwa warudi wiki ijayo. Shangazi alisimama mlangoni akiwatazama wakifunga watoto mgongoni upya. Alipofika karakana akasema, "Hii haitarudiwa."

Akatengeneza kifaa. Ni kikompyuta kisichozidi kiberiti, kimefungwa kipimajoto, kinachotoa ukurasa kwenye mtandao wa ndani wa hospitali. Unafungua simu, unaona joto la majokofu hapo ulipo. Programu alijifunza ukubwani, akiwa bibi wa wajukuu, kwa kukaa na mtaalamu wetu wa kompyuta kila alipopata nafasi. Wakuu walikipigia makofi.

Umeme ukakatika, ukarudi. Ukurasa haukufunguka. Ilibidi mtu aende achomoe plagi na kuichomeka tena, ndipo kifaa kizinduke.

"Shangazi," muuguzi akamwambia, "umetupa mwavuli unaojikunja mvua ikianza."

Katibu wa hospitali hakutania. Alitaka kitolewe, apangwe mtu wa kupita na kipimajoto cha mkono. Shangazi akamjibu kwa utulivu, "Nipe mwezi mmoja. Nikishindwa, nitakifungua mwenyewe kwa bisibisi yangu."

Mimi ni wa mabomba. Maji yakikatika yakarudi, bomba halihitaji kubembelezwa. Kwa hiyo sikuelewa kwa nini mwenzangu anakaa mezani na ruta kuukuu, kile kisanduku cha kusambaza mtandao, pamoja na kile kikompyuta, anazima, anawasha, anatazama, anazima tena. Jioni alivibeba nyumbani, akavichomeka kwenye waya mmoja na televisheni. Mumewe, dereva wa lori mstaafu, alikuwa akitazama mpira. Picha ilipopotea mara ya tatu akasema kwa upole, "Mke wangu, umeme wa kukatiwa tunao wa kutosha. Huu wa nyongeza ni wa nini?" Shangazi akamwomba radhi, akazima tena.

Hatimaye aliliona tatizo la kwanza. Umeme ukirudi, kikompyuta huamka papo hapo, lakini ruta hujikongoja dakika kadhaa kabla ya kuwa tayari. Alinieleza hivi: "Kinapiga hodi mara tatu, mwenye nyumba bado anatafuta kanga. Kisipojibiwa kinaondoka. Kina adabu kupita kiasi." Akaiandika upya programu ili kiendelee kupiga hodi, kipumzike kidogo, kipige tena, hadi kifunguliwe.

Akawaita wakuu waje waone. Akazima, akawasha, tukangoja. Muuguzi akafungua simu yake, akasoma kwa sauti, "Wino mweusi umekwisha." Ruta ilikuwa imevigawia vifaa vyote vya mtandao anwani upya, na anwani ya majokofu ikaangukia printa ya uhasibu. Tulicheka hadi katibu akacheka. Shangazi hakucheka. Alirudi mezani, akakipa kifaa anwani yake ya kudumu, isiyogawiwa mwingine.

La tatu ndilo lililomtoa jasho. Umeme wetu mara nyingine haurudi kwa mkupuo, huja nusu, hutetemeka, hukata, huja. Katika kutetemeka huko kikompyuta kiliganda, taa inawaka lakini akili haipo. Hapo hata kupiga hodi hakikumbuki. Siku hizo alikuwa akila wima. Nilimwambia akubali tu, mwezi unakwisha, hakuna atakayemlaumu. Akanitazama kama nimemletea bomba linalovuja. "Wale akina mama nitawaambia nini, kwamba nilichoka?"

Mtaalamu wa kompyuta ndiye aliyemfungulia njia: ndani ya vifaa hivyo mna saa ya ulinzi, ila mtu lazima aiamshe. Programu inatakiwa kuiambia "nipo" kila baada ya muda mfupi. Ikinyamaza, saa inakiwasha kifaa upya bila kumwuliza mtu. Shangazi akaiamsha. Kisha akakitetemeshea umeme siku nzima, kwa makusudi na bila huruma, nacho kila kilipoanguka kikainuka.

Wiki ya mwisho ya mwezi ule mvua ikaja mchana, na upepo wake. Umeme ukapepesa, ukaenda, ukaja, ukaenda, kisha ukatulia. Taa zikawaka, watu wakarudi kwenye kazi zao. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya sinki la kliniki ya watoto nilipomwona muuguzi ametoa simu. Ukurasa ulikuwa umefunguka wenyewe. Alitazama, akatazama tena, uso ukabadilika.

"Fundi bomba, acha hilo sinki. Joto linapanda. Mwambie Shangazi majokofu hayajarudi."

Nilikimbia nikitona maji ukumbi mzima. Shangazi alinipita kabla sijamaliza sentensi. Alifika, akaipandisha swichi, majokofu yakaanza kunguruma. Akabaki amesimama pale, kiganja juu ya mlango wa jokofu, hadi muuguzi alipofika akihema na simu mkononi.

"Linashuka," muuguzi akasema. Kisha akaongeza, "Lile la mwavuli nalifuta."

"Kesho kliniki ipo?" Shangazi akauliza.

"Ipo."

Nayo ilikuwepo. Watoto walichomwa sindano, wakalia kama wanavyolia siku zote, na mama zao wakarudi nyumbani na kadi zimejazwa.

Tangu hapo vifaa kama hivyo vimefungwa kwenye chumba cha oksijeni na kwenye tangi la maji, na hili la pili mimi ndiye mnufaika. Hospitali jirani wamekuja kujifunza. Shangazi aliwapokea wote, akawaonya wote kuhusu neno "nadhani".

Wiki iliyopita alimkabidhi kazi fundi anayempokea. Alimwambia azime umeme wa chumba cha majokofu, auwashe, yeye mwenyewe akaketi kwenye kiti na mikono mapajani, asiguse kitu. Tulingoja. Ukurasa ukafunguka kwenye simu ya fundi mpya. Shangazi akainuka, akamwekea funguo za karakana kiganjani, akatuaga mmoja mmoja.

Shangazi, asante kwa kila ulichokirudisha kwenye uhai, na kwa sisi uliotukataza kuondoka kabla ya kuhakikisha. Nenda ukapumzike na mzee wako. Afya ikufuate, wajukuu wakuzunguke, na siku zako zilizobaki ziwe ndefu na zenye utulivu. Tumekuaga kwa mdomo tu. Moyoni bado upo zamu.