Dada Aliyerudia Kila Kipimo

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 11 Aprili 1959, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na ghala la reli. Baba akimpima mteja na kushika mkasi, mtoto huyo alikuwa akimvuta suruali: "Baba, pima tena." Wateja walicheka. Baba hakucheka, maana mara nyingi alikuta amekosea kweli.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1983 akahitimu chuo kikuu katika sayansi ya maabara. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya saratani ya hospitali ya rufaa, chumba kimoja chenye dirisha lisilofungika. Alidumu hapo mpaka alipostaafu mwaka 2019.

Sisi nyumbani hatukuielewa kazi yake hadi alipotueleza kwa lugha ya baba. Jeni moja, alisema, ni kama jora moja la kitambaa: seli hukata vipande, ikaunganisha vilivyobaki, ikatoa ujumbe mrefu au mfupi. Saratani nyingine hupenda ule mfupi, na mgonjwa wa namna hiyo dawa ya kawaida haimsaidii. Yeye alipima ni ujumbe upi umezidi. Mashine iliunakili ujumbe huo mara nyingi hadi ukang'aa, na kando ya sampuli za wagonjwa aliweka kila mara kichupa cha maji matupu, ambacho hakikutakiwa kung'aa kamwe.

Siku moja mwaka 2006 ujumbe mfupi ulionekana kwa wagonjwa wote. Mkuu wa maabara alikuwa ameshaalika wageni kushangilia ugunduzi huo, na soda zimeshafunguliwa. Dada akatazama kichupa cha maji, akakohoa kidogo. "Jamani, kwa kipimo hiki hata maji yana saratani." Uchafu ulikuwa umeingia kwenye vichupa vyote. Mkuu alinuna, soda zikanywewa kimya kimya, meza zikasuguliwa, kazi ikaanza upya. Safari hii maji yalitulia, na wagonjwa wengi waliokuwa karibu kunyimwa dawa waliipata. Tulimwonea fahari sana.

Hata ndoa aliipatia maabarani. Shemeji, fundi majokofu, alikuja kutengeneza jokofu la sampuli, akatangaza kuwa limepona, akaambiwa asubiri lipimwe tena. Alisubiri hadi jioni na, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwa na haraka yoyote. Alipomposa, dada alimjibu, "Ndiyo. Lakini niulize tena wiki ijayo. Jibu likirudi lile lile, ni la kweli." Maskini shemeji, wiki nzima hakupata usingizi. Walifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1988.

Februari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Sampuli yake ilipimwa katika maabara ile ile, na binti ambaye dada mwenyewe alimfundisha kazi. Binti alileta majibu nyumbani, macho yamevimba: ujumbe mfupi ulikuwa umejaa tele. Sote tukadai mashine imekosea. Dada akauliza tu, "Cha maji kimesemaje?"

"Kimenyamaza, mama. Na nimerudia."

"Basi umefanya kazi nzuri. Keti, upumzike."

Hakupoteza muda na dawa ya kawaida. Alipewa nyingine, nayo ikatuachia dada zaidi ya miaka miwili. Alimpokea mjukuu wake wa kwanza, akamrudisha kwenye mizani mbele ya mkunga.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 14 Mei 2024. Daktari alipoondoa kifuani kifaa cha kusikilizia moyo, shemeji alimshika mkono. "Daktari, rudia kipimo." Daktari akarudia, taratibu, bila kuudhika. Jibu lilikuwa lile lile.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu, sisi wadogo zake watatu, na yule binti wa maabara.

Dada, tulikupenda. Tulikwambia wiki iliyopita kando ya kitanda chako, na leo tunakwambia tena. Jibu ni lile lile. Pumzika kwa amani.