Vijiwe vya Waume Zetu Visiende Tanurini

Mgeni rasmi, ambaye ndiwe mkurugenzi wa hospitali yetu. Madaktari, wauguzi na mafundi wa maabara. Nanyi baba zetu mliokaa upande upande kwa sababu viti hivi vigumu vinawatesa: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

KARIBU

Sisi ni wake, wajane, dada na mabinti tunaowasindikiza wanaume kliniki ya tezi dume. Ukituona tumependeza usidhani tumepotea njia ya harusini. Tuna furaha, na furaha ikizidi haikai kifuani.

TULIKOTOKA

Tulijuana koridoni. Wanaume wetu walikuwa hawasemi. Mtu haishi kwenda msalani, ukimuuliza anasingizia chai. Mwenzetu mmoja akamwambia mumewe, "Baba watoto, chai gani hiyo, unakunywa kikombe unakojoa ndoo?" Ndipo akakubali kuja. Wengine walichelewa, tukawazika. Lakini kabla ya hapo walikuwa wamekatwa vinyama vya kupima, na vinyama hivyo vimehifadhiwa ndani ya nta, katika stoo nyuma ya maabara.

YALIYOTUFURAHISHA

Mwezi uliopita daktari wa darubini, yule binti mwenye miwani, alimwita mwenzetu, mjane wa seremala. Akaenda akisali njia nzima, maana ukiitwa hospitali peke yako huwazi mema. Akakalishwa, akaambiwa aweke jicho kwenye darubini.

"Bibi, unaona nini?"

"Naona chumvi imemwagika."

"Hivyo ni vijiwe. Ni madini yaliyoganda ndani ya nyama ya marehemu babu."

"Mjukuu wangu, kwamba alikuwa mgumu nilijua. Kwamba alikuwa na mawe ndiyo nasikia leo."

Walicheka mpaka daktari akavua miwani kuifuta. Kisha akamweleza taratibu. Vijiwe kwenye tezi wanaume wengi wanavyo, hata wasio na saratani. Ila yeye na wenzake wameanza kuona kwamba huenda madini ya wenye saratani si sawa na ya wengine. Wakithibitisha, vijiwe hivyo vitakuwa alama ya kumshtua mtu mapema, ugonjwa haujaota mizizi. Alilikazia neno *huenda*, nasi tunalisema vilevile tusije tukamtia maneno mdomoni. Lakini mgeni rasmi, huenda hiyo imetunyima usingizi kwa raha.

Mjane akauliza lililomkaa rohoni. Mwanawe wa kwanza, aliyerithi karakana ya baba, kipimo chake cha damu kimepanda, naye amekatwa kinyama, na madaktari bado wanavutana kama ni saratani.

"Na mwanangu je?"

"Ndiyo maana nimekuita, bibi. Nataka kulinganisha vijiwe vya baba na vya mwana. Siwezi kukuahidi dawa. Ila tukipoteza kipande cha baba, cha kulinganishia hatuna."

YANAYOTUKWAMISHA

Vipande vyenye vijiwe ni haba. Kijiwe hukwaruza kisu, hivyo mafundi walifundishwa kuloweka nyama ngumu kwenye tindikali mpaka ilainike. Ikikatika vizuri fundi anasifiwa, kumbe vijiwe vimeshayeyuka. Hatumlaumu mtu, hata sisi mchele tunachagua mawe tunatupa. Cha marehemu seremala kilipona kwa bahati. Fundi mkuu ametusimulia mwenyewe: "Siku ile tindikali ilikuwa imeisha. Nikakata hivyo hivyo, kisu kikang'oka meno, bosi akanisema nikatamani kuacha kazi." Baba, kisu hicho tunakiombea.

Lakini stoo inatakiwa iwe chumba cha mikutano. Vipande vimetiwa kwenye magunia, vichomwe tanurini leo mchana. Alichokitazama mjane ni kiganda chembamba juu ya kioo. Kipande chenyewe kimo ndani ya magunia yale, na lipi hatujui. Daktari wa darubini ameomba visichomwe, hajapata jibu.

TUNAYOOMBA

Magunia yasiguswe. Mikutano fanyeni hata uani, viti tutabeba sisi. Na kuanzia sasa nyama ngumu isilowekwe kabla daktari wa darubini hajaiona. Wanaume wetu walizitoa wakiwa wameuma meno. Kuzichoma bila kuzisikiliza ni kuwaumiza mara mbili. Tena wanaume wote waliomo humu wapimwe, nawe mgeni rasmi ukiwemo. Umri wako si wa kukimbia kipimo.

Asubuhi mjane wa seremala alimfuata fundi wa tanuri akamsihi asubiri. Akamjibu kwa upole, "Mama, mimi nachoma nikiambiwa, naacha nikiambiwa. Mwambieni mkubwa." Yupo mstari wa nyuma, glavu mapajani. Sisi tumemaliza. Mgeni rasmi, mkubwa ni wewe, geuka umwambie asichome.

Mungu akujalie afya, akupe wepesi msalani mpaka uzeeni, na awape wanao baba wa kuwaona wakizeeka.

Ni sisi,
Umoja wa Wasindikizaji, Kliniki ya Tezi Dume