Zamu ya Itto

TUDA: Haloo? Haloo! Nani kashika simu?

ZAYD: Mimi.

TUDA: Mimi nani?

ZAYD: Mimi tu.

TUDA: Aaa, Zayd! Bwana mkubwa wa miaka mitatu! Hujambo, baba?

ZAYD: Sitaki viatu.

TUDA: Haya, usivae. Mimi mama mkubwa Tuda, wa Beni Mellal. Baba yuko wapi?

ZAYD: Mlangoni.

TUDA: Mpe simu basi, mwanangu.

ZAYD: Sitaki.

BIHI: Zayd, lete hiyo. Lete... usiitie kwenye unga! Lete hapa. (simu inakwaruza) Haloo?

TUDA: Shemeji, asalaam aleikum.

BIHI: Waaleikum salaam, shemeji. Habari za mjini?

TUDA: Joto, shemeji. Jua la Julai linatukaanga kama karanga. Watoto hawajambo?

BIHI: Hawajambo.

TUDA: Na wewe?

BIHI: Nipo.

TUDA: Upo vipi?

BIHI: Nipo tu.

(Mtandao unakoroma.)

TUDA: Haloo? Nakusikia kama uko ndani ya pipa. Hebu panda darini, mtandao uko juu.

BIHI: Hapa mlangoni panatosha.

TUDA: Lakini ngazi yenyewe iko nje hapo, hatua kumi, Bihi!

BIHI: Panatosha.

TUDA: Haya. Wamekula nini asubuhi?

BIHI: Uji wa shayiri. Na mkate na mafuta ya zeituni. Zayd kalamba mafuta, mkate kampa kuku.

TUDA: (anacheka) Mama yake mtupu! Itto naye utotoni alikuwa... Haloo?

BIHI: Nakusikia.

TUDA: Nasema marehemu alikuwa hivyo hivyo. Anakula kilichopakwa, mkate anaacha.

BIHI: Ndiyo.

TUDA: "Ndiyo." Basi?

BIHI: Ngoja kidogo. Tilila! Mshike mdogo wako, asipande kwenye gunia. Eeh, shemeji, sema.

TUDA: Na huyo Tilila nywele anasukwa na nani?

BIHI: Na mimi.

TUDA: Wewe? Unasuka?

BIHI: Zinatoka mbili. Moja nene, moja nyembamba.

TUDA: Maskini mtoto wa watu.

BIHI: Halalamiki.

TUDA: Miaka sita, atalalamika kwa nani? Sikiliza, vocha yangu ni ndogo, sina muda wa kuzungukazunguka. Ijumaa gari la mjomba Hmad linapanda huko kwenu na simenti. Litarudi tupu.

BIHI: Eeh.

TUDA: Nataka lirudi na watoto. Wakae kwangu.

BIHI: Sawa.

TUDA: Sawa?

BIHI: Sawa.

TUDA: Wewe Bihi! Siku tatu nzima nimekaa napanga maneno. Nimemfanyia mazoezi mume wangu, yeye anakuwa wewe, mimi namjibu. Nimejiandaa kwa vita, halafu wewe waniambia sawa?

BIHI: Ulitaka nisemeje?

TUDA: Ukatae! Uniambie, we mwanamke una wazimu, hawa ni wanangu! Unitukane hata!

BIHI: Kwenu kuna maji ya bomba. Shule iko karibu. Sawa tu.

TUDA: Basi watu hawakusingizii.

BIHI: Wanasemaje?

TUDA: Wanawake kisimani wanasema Bihi kakaa eda. Mwanamume na ndevu zake, mwezi wa nne huu hatoki mlangoni, imebaki avishwe nguo nyeupe za mjane tu. Wanacheka mpaka ndoo zinamwagika.

BIHI: Waache wacheke.

TUDA: Na wanaume wanasema ingekuwa eda ingekuwa afadhali. Wanasema hapo kifuani umeweka jiwe.

BIHI: Labda.

TUDA: Labda! Na mbio za mlima Jumapili hii? Walikuja wakakuomba ukafunge tepe nyekundu za kuonyesha njia kama kila mwaka, ukawakatalia. Wewe! Wewe uliyeshuka mbio kutoka Tizi, juu kabisa mlimani, mpaka darajani, ukashinda kondoo dume, ukaingia naye kijijini mabegani!

BIHI: Alikuwa Itto.

TUDA: Nini?

BIHI: Aliyeshinda kondoo ni Itto. Mwaka ule kabla hatujapata watoto. Mimi nilikuwa wa sita. Kazi yangu ilikuwa kumbeba kondoo.

TUDA: ...Sikujua.

BIHI: Alinikojolea shingoni. Kondoo.

TUDA: (anataka kucheka, anaacha) Bihi.

BIHI: Eeh.

TUDA: Niliapa sitalisema hili kwenye simu. Nalisema. Siku ile wachungaji walipokuja wakipiga kelele, kwamba mawe yameporomoka Tizi na Itto yuko chini yake, kila mwenye miguu alipanda. Hata mzee Oali na fimbo yake alipanda. Wewe hukupanda.

BIHI: Sikupanda.

TUDA: Wakamshusha, wakamweka kwa kaka yetu. Nimemwosha kwa mikono yangu hii. Nikawa nasikiza mlango, nasema sasa hivi mumewe ataingia. Hukuja.

BIHI: Sikuja.

TUDA: Kaburini wakaingia kaka zake. Mume alikuwepo hai, nyumba ya tatu kutoka msikitini, wakaingia kaka zake! Jirani yenu Mama Fadma alikuja mwenyewe kukushikia watoto upate kwenda. Ulimwambia nini?

BIHI: Nilimwambia nangoja.

TUDA: Unangoja! Unangoja nini, Bihi? Mtu yuko ndani ya sanda, wewe umesimama kizingitini unangoja nini?

(mtandao unakwaruza)

TUDA: Haloo? Usinikatie. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, lakini mimi huo mshindo wako nimeungoja miezi minne sijausikia.

BIHI: Maziwa yanafurika jikoni. Shika, Tilila. Sema na mama mkubwa.

TUDA: Bihi, usi... Bihi!

TILILA: Mama mkubwa, shikamoo.

TUDA: Marahaba, mama. (anajikohoza) Hujambo? Nywele zimekaaje?

TILILA: Moja inakimbia, moja inatambaa. Mama mkubwa, mbona unamfokea baba?

TUDA: Simfokei. Mtandao mbaya, ndiyo maana napaza sauti.

TILILA: Nimesikia. Umemuuliza anangoja nini.

TUDA: Haya ni ya wakubwa, mwanangu.

TILILA: Lakini mimi najua. Hawezi kutoka. Bado ni zamu ya mama.

TUDA: Zamu gani?

TILILA: Ya kukimbia. Asubuhi mmoja anakwenda mpaka Tizi, mmoja anakaa na sisi mlangoni. Mwenzake akirudi ndiyo anakwenda yeye. Hawaendi wote wawili, maana sisi tutabaki na nani?

TUDA: Hilo nalijua, mama. Lakini sasa...

TILILA: Siku moja ilikuwa zamu ya mama kukimbia, baba akatoka kidogo tu kumwangalia nyumbu wa jirani. Zayd akatumbukia kwenye mfereji.

TUDA: Yaa Rabi! Mbona sikuambiwa?

TILILA: Mama ndiye aliyemtoa, alikuwa anarudi. Akamtundika miguu juu akatapika maji. Halafu akamfokea baba, kushinda wewe. Akasema kuanzia leo anayekaa, anakaa. Hata mlima ukianguka, usitoke mlangoni mpaka nirudi nikuulize.

TUDA: ...Alisema hivyo? Hata mlima ukianguka?

TILILA: Eeh. Na baba akaapa, mkono kaweka juu ya kichwa cha Zayd. Kichwa kilikuwa bado kimelowa. Mama mkubwa? Umekatika?

TUDA: Sijakatika. Amuulize nini, mama? Umesema mpaka arudi amuulize.

TILILA: Wangapi.

TUDA: Wangapi?

TILILA: Ukirudi unaleta zaatari, majani ya chai yanayoota juu tu, kuonyesha umefika juu kweli, hujadanganya. Unauliza, "Wangapi?" Aliyekaa anajibu, "Wawili, wamekula." Basi, zamu yake imekwisha, anavaa viatu anakwenda. Zamani nilikuwa peke yangu, walisema, "Mmoja, amekula."

TUDA: Wawili, wamekula.

TILILA: Baba anajibu mpaka leo. Kila asubuhi, tukishamaliza uji. Anasimama hapo anaangalia juu, anasema, "Wawili, wamekula." Lakini hakuna aliyemuuliza.

TUDA: (sauti imeshuka) Tilila, mwanangu. Mama yuko wapi, unajua?

TILILA: Kaburini. Najua. Zayd ndiye asiyejua. Na baba anajua, lakini hajaulizwa.

TUDA: Basi si umuulize wewe, mama? Umuulize siku moja tu.

TILILA: Nilimuuliza. Akasema mimi siwezi, mimi ni mmoja wa hao wawili. Kisha anayeuliza lazima awe ametoka juu. Baba huyu hapa. Baba, mama mkubwa ana mafua.

BIHI: Haloo. Samahani, maziwa yamemwagika yote. Tulifika wapi? Shemeji? Ijumaa saa ngapi? Niwafungie nguo zao.

TUDA: Usifunge chochote.

BIHI: Gari haliji?

TUDA: Linakuja. Watoto hawapandi.

BIHI: Sawa.

TUDA: Mimi ndiye nitakayekuwemo.

BIHI: Sawa.

TUDA: Ukiniambia "sawa" mara nyingine nitapita humu humu kwenye simu nikukabe. Bihi, kwa nini hukuniambia?

BIHI: Nikuambie nini?

TUDA: Ulivyoapa.

BIHI: Tilila ana mdomo.

TUDA: Ana mdomo wa mama yake, Mungu amjaalie. Nilikuita jiwe mbele za watu. Matangani nilikuita jiwe, Bihi, na kila mtu akasikia.

BIHI: Nilisikia mpaka huku. Upepo ulikuwa unatoka upande huo.

TUDA: Nisamehe.

BIHI: Hakuna neno. Hata mimi najipapasa kifuani naona ni kweli. Naamka, napika uji, nasuka nywele. Silii. Najua amekufa, shemeji, usinione mwehu. Nikiinua mguu nitoke, mguu haunyanyuki.

(Sauti ya kampuni ya simu inanong'ona kwamba salio linakaribia kwisha.)

TUDA: Huyo shetani naye kaanza! Bihi, nisikilize haraka. Wangapi? Bihi. Wangapi?

BIHI: Hapana. Hilo halijibiwi kwenye simu.

TUDA: Linajibiwa wapi?

BIHI: Mlangoni. Na anayeuliza awe ametoka juu.

TUDA: Basi. Barabara ya gari inapita nyuma ya Tizi, si ndiyo? Nitamwambia mjomba Hmad anishushe hapo. Nitavuka kwa miguu nishukie kwenu.

BIHI: Wewe?

TUDA: Mimi.

BIHI: Na magoti hayo?

TUDA: Ndiyo hayo hayo, sina mengine! Nitashuka kwa makalio ikibidi. Zaatari iko upande gani?

BIHI: Kushoto, ukishavuka rundo la mawe. Shemeji, mawe ya huko bado yanacheza.

TUDA: Nitapita njia ya nyumbu.

BIHI: Itakuchukua saa tatu.

TUDA: Hata inichukue saa kumi. Nitafika mlangoni nimebeba zaatari na nitakuuliza. Ukishajibu, mimi nakaa, wewe unakwenda. Viatu vyako vya mlimani viko wapi?

BIHI: Kuku katagia kimoja.

TUDA: Mtoe.

BIHI: Anaatamia.

TUDA: Toa kuku, Bihi!

BIHI: ...Nitamtafutia kikapu.

TUDA: Na ukitoka, unajua pa kwenda? Kabla hujapanda mlima wowote?

BIHI: Najua. Nyuma ya msikiti.

TUDA: Ndiyo. Kamsalimie. (mtandao unakwaruza) ...haloo? Bado upo? Niambie, nikiuliza utajibu? Isije nikavunja miguu yangu bure. Bihi, linakatika hili! Utajibu?

BIHI: Ijumaa utafika saa ngapi?

TUDA: Alasiri, inshallah. Kwa nini?

BIHI: Nitawalisha kabla.

(Simu inakatika.)